Je, wajua kwa nini herufi za Kiarabu huachana kwenye mabango?

Huenda umewahi kuona bango au fulana yenye maneno ya Kiarabu ambayo herufi zake zimesimama moja moja, kama tasbihi iliyokatika uzi, tena zimepangwa kinyumenyume. Mimi nililiona hilo kwenye bango la Maulidi nililosaidia kuliandaa. Kwangu maandishi yalikuwa sawa. Bango liliporudi kutoka kwa mchapaji, "marhaba" ilikuwa vipande vipande. Kwa miaka kadhaa niliamini kuwa faili ilipungukiwa na herufi za kuungana, na kwamba dawa ni kutafuta fonti yenye herufi nyingi zaidi.

Sivyo. Aliyesoma chuo cha Kurani anajua kuwa be ina sura nne: ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho na ya peke yake. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kompyuta nayo ina be nne. Katika Unicode, utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, be ya kawaida ni moja tu: 0628. Katika بيبي (bibi) be ya kwanza ni ya mwanzo na ya pili ni ya katikati. Katika حبيب (habib) imo ya mwisho. Katika كتاب (kitab) be imekaa peke yake. Kote humo faili imehifadhi 0628 ileile.

Fikiria kivumishi -zuri. Kamusi haihitaji kuorodhesha mzuri, wazuri, kizuri na nzuri. Huandika -zuri mara moja, na msemaji ndiye anayeamua umbo kwa kutazama nomino iliyo jirani. Faili nayo huweka shina tu. Msemaji ni ile sehemu ya programu inayochora maandishi: kabla ya kuiweka be kwenye skrini, humtazama aliyetangulia na anayefuata, kisha huchagua mchoro unaofaa ndani ya fonti.

Zipo herufi zenye masharti. Alifu, dali, dhali, re, ze na wau ni kama watoto kwenye mstari wanaompa mkono aliyetangulia lakini hawampi anayefuata. Ndiyo maana be ya كتاب iko mwisho wa neno na bado iko peke yake: alifu haikumpa mkono. Lamu ikifuatwa na alifu, nazo lazima zichorwe kwa pamoja: لا.

Basi programu ya mchapaji ilipokea namba sahihi, ikazichora bila kutazama majirani. Kinyumenyume nacho kina asili hiyohiyo. Faili huhifadhi herufi kwa mpangilio wa kusoma, inayosomwa kwanza ikitangulia. Kuzipanga kutoka kulia ni kazi ya wakati wa kuchora. Kazi yenyewe si ndogo, kwa sababu tarakimu ndani ya sentensi ya Kiarabu huenda kushoto kwenda kulia. Ukikutana na maandishi yaliyovunjika, na ikiwa hayajageuzwa kuwa picha, yanakili uyabandike kwenye programu nyingine. Mara nyingi yatajiunga yenyewe.

Imani yangu ilikuwa na chembe ya ukweli. Unicode ina pia namba za sura moja moja za be, FE8F hadi FE92 (namba hizi huandikwa kwa tarakimu na herufi A hadi F), zilizowekwa kwa ajili ya kupokea maandishi ya mifumo ya zamani. Herufi ikishaingia humo haiondolewi tena. Wapo wanaozitumia ili neno lionekane limeungana, lakini anayelitafuta kwa be ya kawaida huenda asilipate. Jirani na hizo ipo FDFD: Bismillahi rrahmani rrahim yote, imehesabiwa kuwa herufi moja.

Herufi zilizokosekana kweli ni nyingine, nazo zinatugusa sisi. Kiswahili kiliandikwa kwa hati hii kwa karne nyingi, na be ya waandishi wa kale mara nyingi ilibeba pia sauti ya p na mb. Orodha ya kimataifa ya herufi za Kiarabu ya mwaka 1987, ISO 8859-6, haikuwa na pe wala che. Unicode inazo, 067E na 0686. Anayenakili utenzi wa kale kwenye kompyuta leo hana budi kuamua: aandike be aliyoiona kwenye karatasi, au پ anayoisikia akisoma? Sura yoyote itakayohitajika, programu itaichagua. Namba ataichagua yeye.