Je, Wajua kwa Nini Daktari wa Marekani Hamwandikii Mgonjwa Bangi Kwenye Cheti cha Dawa?

Mgonjwa wa saratani anayeishi Florida akihitaji mofini kwa ajili ya maumivu, daktari humwandikia, naye huipata katika duka la dawa la kawaida. Mgonjwa huyohuyo akikubaliana na daktari kwamba bangi huenda ikampunguzia kichefuchefu kinacholetwa na matibabu, hapewi cheti cha namna hiyo. Jina lake huingizwa katika daftari la kielektroniki la jimbo, kisha hubaki na kazi ya kuomba kadi, kuilipia ada, na kwenda nayo katika duka maalumu lililopewa leseni na jimbo. Ni swali la haki kuuliza kwa nini mofini, ambayo ikizidishwa huua, ipite njia fupi, na bangi izungushwe kiasi hicho.

Chanzo ni sheria ya dawa zinazodhibitiwa iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1970. Sheria hiyo ilizipanga dawa katika madaraja matano, ikaiweka bangi pamoja na heroini katika daraja la kwanza, yaani la vitu vinavyohesabiwa kuwa na hatari kubwa ya kutumiwa vibaya na visivyo na matumizi ya tiba yanayokubalika. Mofini iko daraja la pili. Daktari yeyote anayeandika dawa zinazodhibitiwa hufanya hivyo kwa usajili anaopewa na DEA, shirika la serikali kuu la kupambana na dawa za kulevya, na usajili huo haumruhusu kuandika kitu cha daraja la kwanza. Juu ya hayo, mmea wenyewe haukupata idhini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa. Zilizopata idhini ni dawa chache zenye uhusiano nao, kama Marinol ya mwaka 1985, ambayo kiini chake hutengenezwa maabara, na Epidiolex ya mwaka 2018, inayotolewa kwa aina kali za kifafa cha utotoni. Hizo huandikwa kwenye cheti kama dawa nyingine. Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ihamishiwe daraja la tatu, lakini kuhama daraja peke yake hakuufanyi mmea kuwa dawa iliyoidhinishwa na FDA.

Serikali kuu yenyewe, hata hivyo, imewahi kuwagawia wagonjwa bangi. Robert Randall, aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya glakoma, alishinda kesi mwaka 1976 kwa hoja kwamba aliitumia kwa dharura ya tiba, na baadaye akaanza kupokea sigara za bangi iliyolimwa katika shamba la Chuo Kikuu cha Mississippi. Mpango huo ulifungwa kwa waombaji wapya mwaka 1992, wakati wagonjwa wa ukimwi walipokuwa wakiomba kwa wingi.

Ni wagonjwa hao wa ukimwi, hasa wa San Francisco, waliosukuma mambo mbele. Novemba 1996 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 215, na California ikawa jimbo la kwanza kumkinga mgonjwa anayetumia bangi kwa ushauri wa daktari. Waandishi wa pendekezo hilo walichagua neno lao kwa uangalifu: daktari hapaswi kuagiza dawa, bali kupendekeza. Kabla ya mwaka kwisha, serikali kuu ilitangaza kwamba daktari atakayependekeza atanyang'anywa usajili wake. Daktari Marcus Conant na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1997, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, iliamua kwamba mazungumzo ya daktari na mgonjwa wake yanalindwa na uhuru wa kusema uliomo katika Katiba. Daktari anaweza kutoa maoni yake ya kitaalamu. Asichoweza ni kumsaidia mgonjwa kuipata bangi. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya serikali.

Kwa maoni yangu, asiyeielewa hukumu hiyo hawezi kuielewa kadi. Daktari anathibitisha ugonjwa, na jimbo ndilo linalotoa ruhusa.

Florida inaonyesha vizuri jinsi mgawanyo huo unavyofanya kazi. Mwaka 2014 kura ya kubadili katiba ya jimbo ilishindwa kwa kukosa asilimia 60 zinazotakiwa. Mwaka 2016 ilipita kwa asilimia 71. Daktari anayetaka kuthibitisha wagonjwa lazima kwanza apite mafunzo ya saa mbili na mtihani wake. Uchunguzi wa mara ya kwanza hufanyika ana kwa ana, ingawa tangu 2023 uchunguzi wa kurudia unaweza kufanywa kwa njia ya mtandao. Magonjwa yaliyotajwa ni pamoja na saratani, kifafa, glakoma, maambukizi ya VVU, ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa Crohn wa utumbo, na athari za kiakili zinazomkaa mtu baada ya tukio la kutisha, pamoja na maradhi mengine ya aina na uzito unaofanana na hayo. Daktari akiridhika, humsajili mgonjwa, naye hupata namba. Ndipo mgonjwa hupeleka maombi katika ofisi ya bangi ya tiba ya Idara ya Afya ya jimbo, akiambatanisha picha, uthibitisho kwamba ni mkazi, na dola 75. Mtoto aliye chini ya miaka 18 huhitaji daktari wa pili anayekubaliana na wa kwanza, na mlezi aliyesajiliwa.

Gharama haiishii kwenye ada hiyo. Kadi hudumu mwaka mmoja, lakini uthibitisho wa daktari hauvuki siku 210, kwa hiyo mgonjwa hurudi kwa daktari na kulipa tena. Medicare na Medicaid, yaani bima za afya za serikali kwa wazee na kwa wenye kipato kidogo, hazilipii bangi, na mgonjwa hununua kwa fedha yake mwenyewe. Oklahoma ilichukua njia nyepesi zaidi mwaka 2018: sheria yake haina orodha ya magonjwa, na uamuzi umeachwa kwa daktari.

Je, mwenye kadi yuko salama? Mbele ya jimbo lake, ndiyo, akifuata masharti. Mbele ya serikali kuu, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2005, katika kesi ya mgonjwa wa California aitwaye Angel Raich, kwamba sheria ya shirikisho inaweza kutumika hata dhidi ya mgonjwa anayefuata sheria ya California. Kilichopunguza hofu ni kifungu cha bajeti cha mwishoni mwa 2014, kilichoizuia Wizara ya Sheria kutumia fedha kuingilia mipango ya majimbo ya bangi ya tiba, na ambacho kimekuwa kikihuishwa na Bunge. Kifungu hicho kinagusa fedha za wizara hiyo. Hakikubadilisha sheria ya 1970.

Hapa ndipo ninapotaka ndugu zetu wanaoishi Marekani wasome polepole. Kanuni za vipimo za Wizara ya Uchukuzi hazikuitambua bangi ya tiba kuwa sababu halali ya kipimo kuonyesha bangi mwilini, kwa hiyo dereva wa lori mwenye kadi ya jimbo anaweza kuondolewa barabarani. Kwa asiye raia jambo ni zito zaidi. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba matumizi ya bangi yanayovunja sheria ya shirikisho yanaweza kumfanya mwombaji wa uraia ahesabiwe kuwa hana mwenendo mwema, hata kama jimbo linaruhusu, na hata kama hakuwahi kuhukumiwa na mahakama yoyote. Kukiri tu katika usaili kunaweza kutosha. Kudanganya katika usaili huo nako ni kosa linaloweza kumharibia mtu ombi lake. Mwenye grinkadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), mkimbizi au mwenye viza ambaye maumivu yamemfikisha kwenye uamuzi huu amwone kwanza wakili wa uhamiaji, na amwone kabla jina lake halijaingizwa katika daftari la jimbo.