Je, wajua bondia wa kilo mia hupiga kwa kilo ngapi?

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa karibu na stendi ya Moshi kuna ubishi usioisha hata kashata zikiisha: kati ya mabondia Mike Tyson, George Foreman na Deontay Wilder, nani alikuwa na ngumi nzito zaidi? Juzi ulianza mapema, mlima ukiwa bado wazi. Mawingu yalipoifunika Kibo watu walikuwa wameshanuniana. Mzee mmoja mshona viatu akataka kuumaliza kwa hoja moja: "Mwenye kilo nyingi ndiye mwenye ngumi nzito. Fuso na bodaboda zikigongana, unauliza nini tena?"

Hoja ya mzee ni tamu, ila ina tundu.

Mwaka 1985 jarida moja la madaktari wa Uingereza lilichapisha vipimo vya ngumi ya Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu ambaye miaka 10 baadaye alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC, moja ya mashirika makubwa ya masumbwi. Ngumi yake ilifika kwenye kipimo kwa mwendo wa mita 8.9 kwa sekunde, yaani kama kilomita 32 kwa saa, mwendo wa bodaboda inayokatiza mtaani. Nguvu yake ya juu kabisa ilikuwa nyutoni (kipimo cha nguvu) 4,096. Kwa hesabu za Moshi, hayo ni magunia saba ya kahawa, ya kilo 60 kila moja, yakikulalia kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho.

Lakini kwenye taarifa hiyohiyo kuna namba ninayoipenda kuliko hizo. Watafiti walisema pigo lile ni sawa na kupigwa na nyundo ya mbao iliyofungwa sponji, yenye uzito wa kilo 6, ikija kwa mwendo uleule wa kilomita 32. Kilo 6! Bruno alikuwa mtu wa zaidi ya kilo 100. Zile nyingine zilibaki wapi?

Zilibaki nyuma. Kilo za bondia hazisafiri zote na ngumi. Zinazofika ni zile tu alizofanikiwa kuzifunga nyuma ya mkono pale ngumi inapogusa, kwa kukaza kiwiko, bega, kiuno na mguu wa nyuma kwa wakati mmoja. Mtazame mzee wa miaka sitini akipasua gogo la mkaratusi, kisha mpe shoka kijana mwenye misuli aliyetoka mjini. Kijana anapiga kwa mikono, shoka linanasa. Mzee anashuka na shoka lake, magoti, kiuno na yote, gogo linafunguka. Watafiti wa Kisovieti waliliona jambo hilohilo kwa mabondia miaka ya 1980: kwa waliobobea, miguu ilichangia kama asilimia 38 ya nguvu ya ngumi, kwa wa madaraja ya chini kama 17 tu.

Ndiyo maana Wilder anamsumbua mzee wetu. Desemba 2018 alipanda ulingoni na Tyson Fury wa Uingereza (si Mike Tyson) akiwa na kilo 96 hivi dhidi ya kilo 116. Raundi ya 12 alimwangusha Fury mzimamzima, hata waliokuwa wakitazama wakadhani yamekwisha. (Fury akainuka, na mpaka leo sijui alipata wapi miguu.) Pambano likaisha sare. Kufika marudiano ya Februari 2020, Wilder alikuwa na mapambano 43, ameshinda 42, na 41 kati ya hayo kwa KO, yaani kwa kummaliza mpinzani kabla ya kengele ya mwisho.

Hapo kijana wa bodaboda akadakia: basi hesabu ya KO inatosha! Haitoshi. Foreman alishinda mapambano 76, KO 68. Earnie Shavers, bondia ambaye vijana wengi hawamjui, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi alishinda 74, KO zikiwa 68 pia. Namba ni ileile, lakini uliza nani walianguka. Orodha ya Shavers imejaa watu ambao hata wapenzi wa masumbwi hawawakumbuki. Ya Foreman ina Joe Frazier, aliyekuwa bingwa asiyewahi kushindwa, akiangushwa mara sita ndani ya raundi mbili kule Kingston, Jamaika, Januari 1973. KO ni kama pesa: kabla ya kuzihesabu, angalia ni noti za nchi gani.

Mashine za kupima ngumi je? Mwaka 2017 Francis Ngannou wa Kameruni, mpiganaji wa MMA (mapigano ya ngumi, mateke na mieleka), alipiga mashine moja Marekani ikasoma 129,161, na magazeti yakaandika kwamba hiyo ndiyo ngumi nzito kuliko zote duniani. Ila hizo ni pointi za mashine yenyewe, si nyutoni wala kilo, kwa hiyo huwezi kuziweka kando ya vipimo vya Bruno ukalinganisha. Tena mashine haikwepi, haina hasira. Ngannou alimwangusha Fury kweli mwaka 2023, lakini Machi 2024 bondia Anthony Joshua alimmaliza raundi ya pili.

Kuna kingine ambacho mashine haikipimi, nacho ni shingo. Kidevu kiko mbali na shingo, kama ncha ya mpini mrefu. Kikiguswa kwa pembeni, kichwa kizima kinageuka ghafla, fuvu linatangulia, ubongo unachelewa, na hapo ndipo mtu anapozimika. Aliyeiona ngumi ikija hukaza shingo, na kichwa hakigeuki sana. Asiyeiona hajakaza chochote. Konde jepesi lililofichwa linaweza kumlaza mtu aliyestahimili mazito kumi aliyoyaona.

Kwa hiyo mimi huwauliza mashahidi, waliopigwa na wengi. Muhammad Ali alipigwa na Frazier, akapigwa na Foreman, akapigwa na Shavers raundi 15 mwaka 1977. Ndiye aliyetania kwamba Shavers alimpiga mpaka ndugu zake wa Afrika wakatikisika. Shahidi wangu mkubwa ni Larry Holmes, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Septemba 1979 Shavers alimwangusha raundi ya saba. Holmes akainuka, akashinda raundi ya 11. Januari 1988, akiwa na miaka 38 na akitoka kwenye mapumziko ya karibu miaka miwili, alikutana na Mike Tyson, akaangushwa mara tatu katika raundi ya nne na pambano likaisha. Katika mapambano yake 75, ni hilo tu alilomalizwa kabla ya kengele ya mwisho. Ukimuuliza ngumi nzito kuliko zote alizowahi kuonja ni ya nani, jibu lake ni Shavers, si Tyson aliyemmaliza.

Nilipofika hapo mzee aliweka kikombe chini. "Sasa huyo Shavers alikuwa na kilo ngapi?"

Nikamwambia kama 96, alipopigana na Holmes.

"Na ubingwa wa dunia alichukua mara ngapi?"

Hakuchukua hata mara moja, mzee wangu. Akacheka, akaomba aongezwe kahawa.