Bati, tofali na mtungi: joto la Tabora linakaa wapi?

Kila Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, swali linalorudi kwetu kutoka kwa wakazi wa Tabora ni lilelile: mbona nyumba ya bati inaunguza mchana, na usiku, bati likiwa limeshapoa, kuta zinaendelea kutoa fukuto? Wengi hujijibu kwamba bati "linatunza joto". Ni kinyume chake. Bati halina akiba ya joto, na shida ya mchana inaanzia hapo.

Tupige hesabu. Bati la geji 30 ni jembamba sana. Mita moja ya mraba haifiki kilo tatu. Kilo moja ya chuma huhitaji takriban jouli 450 (jouli ni kipimo cha nishati) ili ipande nyuzi moja ya sentigredi. Jua la saa sita mchana, anga likiwa jeupe, humwaga karibu wati 1,000, yaani jouli 1,000 kila sekunde, kwenye kila mita ya mraba. Bati lenye kutu likinyonya hata nusu tu ya hiyo, mwanzoni hupanda nyuzi moja kila baada ya sekunde mbili au tatu, mpaka joto linalotoka lilingane na linaloingia. Wingu likipita, linashuka kwa kasi hiyohiyo. Ile milio ya ta! ta! unayoisikia darini jua linapofunikwa ni bati likisinyaa.

Ukuta wa matofali ya kuchoma una tabia nyingine kabisa. Ukiwa na unene wa sentimita 20, mita moja ya mraba inazidi kilo 300, na kilo moja ya tofali huhitaji jouli 800 hivi kwa kila nyuzi. Zidisha, utaona ukuta unahitaji joto zaidi ya mara 200 ya lile la bati ili upande nyuzi moja. Basi hupanda polepole na kushuka polepole. Tena joto husafiri taratibu ndani yake: kali la saa kumi jioni kwenye ukuta wa magharibi hutokezea chumbani baada ya muda wa saa tano au sita, mnapojiandaa kulala. Kitanda kisiegemee ukuta huo. Bora zaidi, uupe kivuli kwa nje, kwa mwembe au kwa kibaraza, maana joto lililokwisha kuingia kwenye tofali halitolewi kwa feni.

Wazee wa Unyanyembe waliujua mchezo huu. Ukifika Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, utaona kuta nene za udongo. Ukuta wa namna hiyo, ukikingwa jua, hutumia ubaridi wa usiku kupunguza makali ya mchana. Paa la nyasi nalo husaidia kwa njia yake: kati ya nyasi kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Simwambii mtu arudi kwenye nyasi. Bati halishiki moto kirahisi, halioti uyoga, na linakupa maji ya mvua. Ila ukiondoa nyasi bila kuweka kitu badala yake, umeondoa kinga.

Kitu hicho ni dari. Watu hubisha: si hewa ya moto hupanda juu? Inatushukiaje? Haishuki. Kinachokuchoma utosini ni mionzi ya joto kutoka upande wa chini wa bati, na mionzi haihitaji hewa kuibeba. Husafiri kuelekea popote, hata chini. Dari huikatiza. Ukishaweka dari, acha matundu ya hewa pande zote mbili chini ya kenchi ili joto lililonaswa huko juu lipate pa kutokea. Kupaka paa rangi nyeupe nako kunafaa, hasa kwa bati lililozeeka, kwa kuwa weupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua.

Usiku mambo hugeuka. Bati hulitazama anga wazi na kumwaga joto lake huko, mpaka linaweza kuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Ndiyo maana alfajiri, kwenye chumba kisicho na dari kilicholaliwa na watu wengi, matone hudondoka hata kama haijanyesha. Paa halivuji, ni mvuke wa pumzi zenu.

Wakulima nao wana lao. Asubuhi ya Julai ukishika chuma cha jembe kinauma kwa baridi, mpini wa mti hauumi. Vyote viwili vimelala chumba kimoja na vina halijoto ileile. Chuma huchukua joto la kiganja chako haraka, mti huchukua kidogo kidogo. Mkono haupimi halijoto ya kitu. Unahisi kasi ya joto kuuhama.

Maji ndiyo yenye akiba kubwa kuliko vyote hivi: jouli 4,200 hivi kwa kilo. Wenzetu wa Kigoma, walio karibu na mstari uleule wa latitudo kama sisi, wana Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita zaidi ya 1,400, ambalo uso wake haubadiliki sana kati ya mchana na usiku. Ardhi yao ikipata moto mchana, upepo huvuma kutoka ziwani.

Sisi tuna mtungi. Maji hupenya kwenye udongo wake na kukauka nje, na kila gramu inayokauka huondoka na jouli 2,400 hivi. Zikikauka gramu 50 kwenye mtungi wa lita 10, joto hilo linatosha kushusha maji kwa karibu nyuzi tatu. Septemba hewa ikiwa kavu kazi hii inakwenda vizuri. Januari, wakati wa mvua, inazorota. Uweke kivulini, penye upepo, na usiupake rangi ya mafuta ili upendeze sebuleni. Rangi huziba vitundu, na mtungi uliozibwa haupoozi maji kuliko ndoo ya plastiki.