Pengo la tiba ya kifafa ni nini?

Wahesabu watu wote wa eneo fulani ambao kifafa bado kinawasumbua, kisha angalia wangapi kati yao hawapati matibabu yanayofaa. Idadi hiyo, ikitajwa kwa asilimia, ndiyo pengo la tiba. Humo hahesabiwi yule tu ambaye hajawahi kumwona daktari. Aliyeanzishiwa dawa, zikaisha kwenye zahanati ya kijijini kwao na asipate nyingine, naye yumo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi maskini zaidi, kama robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba wanayohitaji. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, ulikuta zaidi ya nusu wamo ndani ya pengo hilo.

Kinachouma ni kwamba dawa ipo. Fenobabitoni inatumika kuzuia kifafa tangu 1912, na tiba ya mgonjwa mmoja inaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka. Hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Wasipotibiwa, mtoto huangukia mafiga yenye moto, mvuvi huzama, binti huachishwa shule.

Wengi hupelekwa kwanza kwa mganga, kwa kuwa kuanguka huko hudhaniwa ni mashetani au kurogwa. Povu likimtoka mgonjwa, watu humkimbia wakiogopa kuambukizwa, ilhali kifafa hakiambukizwi kwa mate. Familia ikishaamua kwenda hospitali, inabeba nauli ya kila mwezi, kwa dawa ambayo haitakiwi kukatizwa hata siku chache. Na fenobabitoni yenyewe iko chini ya udhibiti wa kimataifa, kwa hiyo kuiagiza kunahitaji vibali zaidi.

Uhaba wa madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni mkubwa, lakini nadhani tunautaja mno. Mara nyingi kifafa hutambuliwa kwa kumsikiliza vizuri aliyemwona mgonjwa akianguka, kazi ambayo tabibu wa kawaida anaweza kufundishwa. Huko Mahenge, Tanzania, Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960 mbali kabisa na hospitali kubwa, na wagonjwa waliotumia dawa walipata nafuu.