Je, Wajua kwa Nini Kikonyo cha Hoya Hakikatwi Baada ya Maua Kudondoka?

Hoya ni mmea utambaao wenye majani manene yanayong'aa kama yaliyopakwa nta, na wengi huuning'iniza ndani ya nyumba ili mashina yake yateremke kutoka kwenye chungu. Maua yake yakishapukutika hubaki kikonyo kitupu, na mwenye kupenda unadhifu hushika mkasi akakikata. Kwa kufanya hivyo hujinyima maua yajayo, kwa kuwa spishi nyingi za hoya huchanua tena kwenye kikonyo kilekile, msimu baada ya msimu.

Ukikitazama kwa karibu, utaona makovu madogo yaliyosongamana kuelekea nchani, kila kovu likiwa mahali ua lilipodondoka. Kikonyo hurefuka kidogo kila kinapochanua, hivyo kikonyo kirefu chenye makovu mengi ni dalili ya mmea uliokwisha kuchanua mara nyingi. Shada jipya la maua yenye umbo la nyota huchomoza kwenye ncha hiyohiyo, na harufu yake mara nyingi huzidi usiku.

Mkasi huo huo huyaonea pia mashina marefu yasiyo na majani. Katika misitu ya Asia ya joto hadi Australia, hoya nyingi huota juu ya miti bila kuinyonya. Shina hukimbia kwanza likitafuta pa kushika, na majani hufuata baadaye. Shina la namna hiyo halijafa. Lizungushe taratibu juu ya chungu, au liache lining'inie, nawe ulivumilie.

Maisha hayo ya juu ya miti ndiyo yanayoeleza pia suala la maji, ambalo kwa maoni yangu huua hoya nyingi kuliko jambo jingine lolote. Mizizi iliyozoea kulowa kwa mvua na kukauka upesi huoza katika udongo mzito, kwa hiyo changanya udongo na vipande vya magome ya miti, utumie chungu kidogo chenye matundu, na usimwagilie mpaka udongo ukaribie kukauka. Jani nene la Hoya carnosa lililoshiba maji ni gumu kulikunja. Likilegea na udongo ukiwa mkavu, mmea una kiu. Likinyauka ilhali udongo umelowa, usiongeze maji, bali ikague mizizi, kwani huenda imeoza.

Uweke mmea karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, mbali na jua kali la mchana, maana kwenye mwanga hafifu hoya huishi lakini haichanui.

Ikilazimu kupunguza shina lililozidi urefu, jihadhari na utomvu mweupe unaoweza kuwasha ngozi. Kipande chenye vifundo viwili, yaani sehemu za shina ambako majani huota, kitatoa mizizi kikitumbukizwa kifundo kimoja majini.