Mhudumu Mmoja, Meza Nyingi: Saa Zilizomo Ndani ya Mchezo wa Mgahawa

Ninafundisha utayarishaji wa programu za kompyuta hapa Mbeya, na zoezi ninalolipenda kuliko yote ni lile la kuwataka wanafunzi wauchambue mchezo wa video wa mgahawa kipande kwa kipande, kabla hawajajaribu kuunda wa kwao. Karibu wote huanza kwa kusema kwamba mchezo wa aina hiyo hupima wepesi wa vidole. Sikubaliani nao. Mwenye vidole vyepesi asiyejua ni nani wa kungojeshwa hushindwa mapema kuliko mwenzake aliyetulia.

Mfano wetu ni Diner Dash, mchezo uliotengenezwa na studio ya Gamelab ya New York mwanzoni mwa miaka ya 2000. Flo, aliyeacha kazi ya ofisini ili afungue mgahawa, huwaketisha wateja, huchukua oda, huipeleka jikoni, hupeleka chakula mezani, hupokea malipo na kuondoa vyombo. Uvumilivu wa wateja huonyeshwa kwa mioyo midogo inayopungua kadiri wanavyongoja, nayo ikiisha, huondoka.

Atakayeufungua mchezo kama huu kwa ndani atakuta saa nyingi ndogo, kila mteja na yake, zote zikihesabu kurudi nyuma. Utamu wake unatokana na thawabu inayopingana na saa hizo: ukirudia kitendo kilekile mfululizo, mathalani kuchukua oda za meza tatu kabla ya kufanya jambo jingine lolote, alama huongezeka kwa kila meza. Kwa hiyo meza ya kwanza inapokuwa tayari, mchezaji hujizuia akingoja ya pili na ya tatu, huku mioyo ya ile ya kwanza ikipungua mbele ya macho yake. Hapo ndipo mchezo wenyewe ulipo.

Jambo hilo si geni katika soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Saa saba mchana, mama lishe mzoefu hupakua wali kwenye sahani zote kwanza, kisha maharage, kisha mboga, na anaporudi hukusanya vyombo vya benchi zima. Hata hivyo humtambua dereva wa bajaji aliyeacha abiria nje, akamhudumia peke yake.

Foleni ina hesabu zake. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang wa Denmark aliandika juu ya simu zinazoingia katika mitambo ya Copenhagen, na mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi ambayo mimi huiandika ubaoni siku ya kwanza: wastani wa watu waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia kwao mara muda wanaokaa. Wakiingia wateja 2 kila dakika na kila mmoja akakaa dakika 15, mgahawa utakuwa na watu 30. Muda ukipungua hadi dakika 10, watakuwamo 20, bila kununua hata benchi moja. Ndiyo maana kuondoa vyombo, kazi ambayo wanafunzi huidharau kwa kuwa haimlishi mtu, ina uzito mkubwa: meza chafu ni meza iliyokaliwa na mteja asiyelipa.

Kundi moja la wanafunzi wangu liliweka mgahawa wa mchezo wao Makambako, mabasi yanaposimama ili abiria wale. Mwanzoni wateja waliingia mmojammoja, na mchezo ukapooza. Kisha wakaleta basi zima kwa mkupuo, wastani wa wateja ukiwa uleule, na hakuna aliyeweza kushinda, kwa sababu kanuni ya wastani haisemi lolote juu ya dakika ile ambayo watu 50 wanasimama kaunta kwa pamoja. Niliwashauri watazame wanavyofanya wenye hoteli za barabarani, nao wakarudi na mambo mawili: malipo hupokewa kabla ya chakula, na kuku na chipsi hukaangwa kabla basi halijafika. Lakini basi likichelewa, chakula hupoa. Kwa hiyo wakaongeza honi ya basi linalokaribia. Kati ya honi na mlango wa basi kufunguka, mchezaji ana sekunde 20 za kuamua akaange sahani ngapi, na katika sekunde hizo darasa zima hunyamaza.