Mgonjwa Anapoomba Kufa: Sheria Inakataza Nini, Inaruhusu Nini

"Daktari, nichome sindano nipumzike." Ombi hili tunalisikia sana katika tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mkubwa. Hulitoa mama ambaye saratani ya shingo ya kizazi imeshasambaa, au mzee ambaye saratani ya tezi dume imefika kwenye mifupa. Wakati mwingine huombwa na ndugu waliochoka kumsikia mpendwa wao akilia usiku kucha. Jibu wanalopata mara nyingi ni karipio: "Usiseme hivyo, ni dhambi." Mgonjwa hunyamaza, na maumivu yanabaki palepale.

Sheria ya Tanzania katika jambo hili iko wazi. Kwa mujibu wa kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, anayeharakisha kifo cha mgonjwa amesababisha kifo hicho, hata kama ugonjwa wenyewe ungemuua. Kwa hiyo daktari hawezi kujitetea kwamba mgonjwa alikuwa wa leo au kesho, na ridhaa ya mgonjwa haimwokoi. Kifungu cha 216 kinamhusu anayemshawishi au kumsaidia mtu kujiua, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kenya ina kosa kama hilo katika kifungu cha 225 cha sheria yake. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba, lakini kosa la kumsaidia mwingine lilibaki.

Nchi zilizoruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa nazo hazikuruhusu kwa namna ileile. Katika jimbo la Oregon, Marekani, tangu 1997 daktari huandika dawa tu na mgonjwa huinywa mwenyewe, baada ya madaktari 2 kukubaliana kwamba amebakiwa na miezi isiyozidi 6. Uholanzi, ambako sheria ilianza kutumika Aprili 2002, daktari anaweza kuchoma sindano mwenyewe, na kinachopimwa ni mateso yasiyovumilika na yasiyo na matumaini ya nafuu. Kanada ilianza mwaka 2016 na watu ambao kifo chao kilikuwa kinatarajiwa. Mwaka 2021 iliondoa sharti hilo, na vyama vya watu wenye ulemavu vikapinga vikali. Hoja yao inanigusa mno: ni hatari kwa mtu aliyekosa msaada wa kuishi kujikuta anapewa msaada wa kufa.

Barani kwetu, kesi inayotajwa zaidi ni ya Afrika Kusini. Aprili 30, 2015, Mahakama Kuu ya Pretoria ilikubali kwamba wakili Robin Stransham-Ford, aliyekuwa na saratani, asaidiwe na daktari kufa. Kumbe alikuwa ameshafariki saa chache kabla ya amri kutolewa. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufani ikaifuta amri hiyo.

Wanaotetea kusaidiwa kufa husema mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwisho wake. Hoja hiyo siipuuzi hata kidogo. Ila najiuliza uamuzi wa mtu ambaye hajawahi kupewa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, ni huru kiasi gani. Anachagua kati ya kufa na maumivu ambayo dawa yake ipo, ila haijamfikia. Nimeona wagonjwa wakilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na asubuhi wakaulizia wajukuu badala ya sindano. Si wote, maana wapo ambao shida yao ni upweke, sonona au aibu ya kuoshwa na mtoto wao. Nao wanahitaji tiba na mtu wa kuwasikiliza.

Mofini inaogopwa bure. Mgonjwa wa saratani huanzishiwa dozi ndogo ya kunywa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, na huongezwa taratibu hadi maumivu yatulie. Hupewa pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu kufunga choo ndiyo kero yake kubwa. Ikitumiwa hivyo haiui. Daktari anayepandisha dozi ili maumivu yatulie hatendi kosa. Anayeipandisha ili pumzi ikome anatenda. Uganda ilituonyesha njia: Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 kwa mofini ya maji, na tangu 2004 wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika.

Jambo linalozitesa familia zaidi ni mashine. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa kusafishwa figo, dawa za saratani au mashine ya kupumulia, na kukataa huko hakuhesabiwi kuwa kujiua. Chama cha Madaktari Duniani, ambacho mwaka 2019 kilirudia kupinga daktari kumsaidia mgonjwa kufa, kinasema pia kwamba daktari anayeheshimu mgonjwa anapokataa matibabu hakiuki maadili. Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida. Mwongozo wa maadili ya tiba ya Kiislamu uliotolewa Kuwait mwaka 1981 unakataza kuua kwa huruma, lakini haumlazimishi daktari kurefusha kufa kwa mashine. Familia inayomrudisha mzee wake nyumbani, akiwa na dawa za maumivu na watu wake karibu, haijamuua.

Ndugu yako akikwambia anatamani kufa, usimkemee. Kusema hivyo si kosa la jinai. Muulize anaumwa wapi na anaogopa nini. Akiwa na mpango wa kujidhuru, usimwache peke yake, na mwite mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Kisha muulize daktari wake kwa maneno haya hasa: "Je, mgonjwa wetu ameshaonwa na watu wa tiba shufaa?" Kama hospitali hiyo haina huduma hiyo, ombeni barua ya rufaa. Na angali anaweza kuzungumza, muulizeni anataka nini hali ikizidi, na daktari ayaandike majibu yake kwenye faili.